Alama ya Mjinga

Haya ni kweli tupu, na asiyeamini aje hapa Montana amuulize paka wetu. Alikuwepo.

Kila siku ya kuzaliwa ya marehemu baba mkwe, bastola yake hufunguliwa kipande kipande juu ya meza ya jikoni, ikasafishwa, ikafungwa, ndipo tule. Anayeitunza ndiye anayeifungua, ukoo ukimtazama. Akiikwaruza, inahamia nyumba nyingine. Miaka yote imekaa kwangu. Safari hii shemeji yangu Leland aliingia na sanduku tupu lenye kitambaa cha kijani ndani, akalitua karibu na sufuria ya nyama ya kulungu.

"Sanduku la nini, shemeji?"

"La bastola yangu."

"Yako? Labda ubebee maharage!"

"Midomo baadaye," akasema mke wangu Ardis, ambaye ndiye hakimu. "Magazini kwanza, Delmar."

Nikachomoa magazini, kile kikasha cha risasi. Nikavuta sehemu ya juu nyuma, nikachungulia chemba inamokaa risasi, nikatia na kidole. Tupu. Ardis naye akachungulia, maana hamwamini mtu, hasa mimi.

Mbele, chini ya mtutu, kuna kifuniko kidogo kinachobana springi. Nilikibonyeza, kidole kikateleza. Kifuniko kikaruka, kikagonga pembe za kulungu ukutani, kikazunguka taa, kikamvua Leland miwani, na kingevuka mpaka wa Kanada kama paka hangekidaka kwa meno.

"Kiliingia chini ya friji," akasema Leland. "Nimekitoa mimi, kwa mwiko."

Basi, tuseme friji.

Nikasugua mtutu kwa brashi, nikapangusa, nikatia mafuta kidogo. Kufungua si kazi. Kazi ni kurudisha pini ya ubavuni, ile inayoshika sehemu ya juu isichomoke. Lazima ipite kwenye tundu la kipete, kijipete cha chuma kinachoning'inia chini ya mtutu, kisha iingie moja kwa moja. Mwenye papara huizungusha kutoka chini, nayo humchorea upinde kwenye chuma. Huku kwetu tunauita alama ya mjinga, na watu huutazama kabla hawajakusalimu.

Ikafika zamu ya pini. Kipete kilikuwa kikicheza, tundu halionekani. Jasho likanidondokea puani.

"Usije ukaichora, mzee," Leland akasema polepole, akinywa kahawa kwa kelele makusudi.

"Nyamaza wewe!"

Nikasukuma. Pini ikaingia, ikakwama nusu. Nikasukuma tena, kwa hasira. *Krrr.*

"Mmesikia?" akauliza Leland.

"Tumbo la paka hilo."

Nikamalizia, nikavuta, ikalia vizuri. Nikamnyooshea Ardis bastola, kidole gumba kikiwa kimelala ubavuni.

"Ilete."

"Itazame hapa hapa, mama."

"Ondoa kidole."

"Kimeganda. Baridi hii!"

"Umekaa karibu na jiko, Delmar."

Akakibandua kidole changu kama anayefungua kopo. Upinde ulikuwa pale, mpya, unang'aa kama mwezi mwandamo.

"Huo ni wa tangu vitani," nikasema. "Baba mwenyewe alinisimulia, risasi ya adui ilipita—"

"Asubuhi nimeipangusa mimi," akasema Ardis. "Haukuwepo."

Leland hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Alifungua tu sanduku akanisogezea. Nikailaza bastola kwenye kile kitambaa cha kijani. Ikakaa kama imepimwa. Nikafunga mfuniko. Akanipa ufunguo nigeuze mwenyewe.

Nikageuza.