Kikulacho Chaji

Simu ilipofika asilimia tatu, kioo chake kilififia chenyewe, kama jicho la mgeni anayesimuliwa habari zisizomhusu. Mkutubi aliitazama pale mezani, kati ya muhuri wa tarehe na rundo la vitabu vilivyorudishwa vikiwa vimekunjwa pembe. Dakika kumi tu zilizopita ilikuwa na arobaini. Ndivyo ilivyokuwa siku hizi: haikushuka kwa ngazi, iliruka dirishani.

Ilikuwa saa nane na nusu. Kabla ya saa kumi na moja alitakiwa ampigie mtu wa ofisi ya ajira na kumtamkia neno moja kati ya mawili. Ndiyo, na angekwenda kuwa mkuu wa maktaba mpya katika mji ulio mbali, safari ya siku mbili, kwa mkataba wa miaka mitatu. Hapana, na angebaki na muhuri wake wa tarehe. Namba ya mtu huyo ilikuwa ndani ya simu, na si mahali pengine popote. Na tangu asubuhi mafundi walikuwa wamekata umeme wa jengo zima ili wabadilishe nyaya.

"Mtamaliza saa ngapi?" aliwauliza.

"Leo leo, mama," mmoja alijibu kutoka darini, vumbi likimtangulia. "Leo ikikataa, kesho."

Alichukua mkoba wake, akatumbukiza simu ndani, akasimama mlangoni. Ng'ambo ya barabara, chini ya kibao kilichochujuka herufi, palikuwa na duka la kuchapa na kutoa nakala. Mwenye duka alikuwa mumewe. Walilala nyumba moja, walikula meza moja, lakini duka hilo hakuwa amelikanyaga tangu mapacha wao waanze shule. Hapakuwa na ugomvi. Palikuwa na mambo mengi ya kufanya, na njia ya kwenda nyumbani ilipitia upande wa pili.

Wiki moja iliyopita alimsomea barua ya kazi. Mume alikuwa anamenya chungwa. Aliendelea kumenya hadi ganda likatoka zima, bila kukatika, akaliweka sahanini kama nyoka aliyejikunja. Kisha akasema, "Wewe ndiye mwenye kazi, Mama Pacha. Amua."

Basi. Mkutubi alikuwa amejiandaa kwa mabishano, akapewa ruhusa. Ruhusa ile ikamchoma kuliko mabishano yoyote, kwa kuwa asiyekuomba ubaki huwa amekwisha kukuaga. Katika ndoto zake za mchana alijiona katika chumba cha kupanga, koti moja tu likining'inia nyuma ya mlango, na mapacha wakiwa wake wakati wa likizo. Ajabu ni kwamba chumba hicho hakikuwa tofauti sana na nyumba aliyokuwa nayo. Jioni kila mtu alikuwa na kona yake na soketi yake; mume sebuleni, yeye chumbani, mapacha na pawabenki yao wanayoigombea kama pipi. Nyumba nzima ilikuwa imejaa chaji, na hapakuwa na mtu aliyehitaji kuomba kwa mwenzake.

Zamani haikuwa hivyo.

Miaka kumi na minne iliyopita, mkuu wa maktaba wa wakati ule alipiga marufuku simu kwenye soketi za ofisi. "Umeme wa umma si wa porojo," alisema, akazibandika soketi zote utepe. Ndipo mkutubi, wakati ule msichana mwenye sketi mbili za kazi na simu moja ya mtumba, alipovuka barabara kwa mara ya kwanza. Mara hiyo ya kwanza ilikuwa ya haki: simu ilikuwa imezimika kweli. Kijana wa mashine ya nakala alimpa kigoda, akachomeka chaja, akarudi kwenye karatasi zake. Mikono yake ilikuwa na madoa ya wino hadi kwenye viwiko. Aliisoma kila karatasi aliyoipitisha, hata ankara za maji, midomo ikicheza.

"Simu yako inakula chaji sana," alisema walipofika siku ya tatu.

"Ni ya zamani."

"Basi subiri kidogo."

Siku ya nne simu haikuwa na kosa lolote. Mkutubi alikuwa amenunua betri mpya, akaitia kwenye droo chini ya kadi za wasomaji, na huko ikakaa miezi miwili bila kuonja simu. Kila asubuhi alipandisha mwanga wa kioo hadi mwisho, akawasha tochi, akaitumbukiza simu mkobani iwake humo peke yake kama taa ya mwizi. Kufika saa nne ilikuwa imekata roho. Naye alivuka barabara na uso wa mtu aliyefiwa.

Sasa alivuka tena, bila ya hila yoyote.

Mlangoni pa duka, mgongo ukiegemea ukuta uleule wa miaka yote, alikuwa ameketi mshona viatu. Alikuwa mwanamke mtu mzima, sindano mdomoni, na alikuwa amemfanya mwenye duka kuwa kaka yake kwa nguvu ya ujirani. Aliitoa sindano ili apate nafasi ya maneno.

"Wifi. Umepotea njia, au umetumwa?"

"Nimeishiwa chaji, wifi."

"Tangu lini ulikuwa nayo? Simu yako ile haikuwa na kifua. Inaamka nzima, saa nne tunaizika." Alimtazama miguuni. "Na kisigino hicho kimelala upande. Unatembea kama mtu anayebishana na barabara. Ukitoka uniachie nikinyooshe."

Ndani palinuka kama zamani: wino wa moto, karatasi, vumbi lililoiva. Mume aliinua uso kutoka kwenye mashine. Kwa nukta moja alikuwa na sura ya mtu aliyekamatwa, kisha akaivaa ile ya nyumbani.

"Mafundi wamekata umeme," mkutubi alisema. "Nahitaji kupiga simu kabla ya saa kumi na moja."

"Najua." Alifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kwa kidole. "Kaa."

Kigoda kilikuwa kilekile. Juu ya kaunta, simu ya mume ilikuwa imechomekwa kwenye chaja nyeusi, mpya, ile ya kujaza simu kabla hujamaliza kupiga miayo. Mkutubi alidhani ataichomoa ampe. Mume aliitazama, akaipita. Akainama hadi droo ya chini kabisa, akapekua kwa muda, akatoka na kichwa cha chaja kilichofungwa utepe wa bluu tumboni. Kilikuwa cheupe hapo zamani. Sasa kilikuwa na rangi ya jino la mvuta tumbaku. Alikichomekea waya mpya, akakisukuma kwenye soketi ya ukutani, akaiunganisha simu ya mkewe, akampa mgongo.

Asilimia mbili.

Mashine ilimeza karatasi na kuzitapika. Mkutubi alisubiri. Aliyatazama mabega ya mumewe, ambayo nyumbani huyaona yakiwa kwenye kochi tu, na hapa yalikuwa yanafanya kazi. Midomo yake bado ilicheza anaposoma. Alikuwa amesahau kwamba mtu huyu husoma ankara za watu.

Asilimia tatu. Ilikuwa imepita robo saa.

Ilipofika asilimia tisa, mshona viatu aliingia kuazima mkasi, akasimama katikati ya duka, macho ukutani.

"Ala. Bado unayo hiyo takataka?"

Mume hakugeuka. "Mkasi upo hapo kwenye kopo, dada."

"Mkasi nauona. Nauliza hii." Akamgeukia mkutubi. "Wifi, wateja wote wa duka hili wamechajiwa kwa chaja ya maana tangu enzi hizo. Mimi siku moja alinipa hii kwa bahati mbaya. Nimeshona jozi nne, nimegonga na soli, narudi nakuta asilimia kumi. Nikamwambia, kaka, tupa kitu hiki, kinatoa umeme kwa kijiko cha chai. Unajua alinijibu nini?"

"Dada."

"Akaniambia, hii ina mwenyewe." Alichukua mkasi, akauchezesha hewani mara mbili. "Nilikaa mwaka mzima sijui mwenyewe ni nani. Kumbe kikulacho chaji ki nguoni mwako." Akatoka akicheka puani, na punde nyundo ikasikika tena upande wa pili wa ukuta.

Mashine iliishiwa karatasi. Taa nyekundu ikawaka juu yake, na hakuna aliyeishughulikia.

"Saa tatu," mkutubi alisema hatimaye. "Kuna siku nilikaa kwenye kigoda hiki saa tatu. Mkuu wangu alinikata siku ya likizo."

"Na wewe ulikuwa unawasha tochi."

Damu ilimpanda mkutubi hadi masikioni. "Ulijua?"

"Mkoba wako ulikuwa wa kitambaa, Mama Pacha. Asubuhi nilikuwa nauona kutoka hapa, unawaka kama karabai."

Mkutubi alitaka kucheka, na kicheko kikakwama njiani, kikakutana na jambo jingine lililokuwa linapanda. Kwa wiki nzima alikuwa amelibeba swali moja kama maji kwenye viganja. Sasa lilimwagika.

"Kwa nini hukuniomba nibaki?"

Mume alivuta riimu mpya, akaichana kanga yake ya karatasi, akazipepea karatasi zisishikane. Alifanya yote hayo kabla ya kujibu, na mkutubi alimwacha. Hapa, tofauti na nyumbani, kimya chake kilikuwa na kazi mikononi.

"Ningekuomba, ungebaki," alisema. "Halafu ningeishi na mtu aliyebaki. Baba yangu aliishi na mmoja wa namna hiyo. Kila akifunga mlango, unasikia alivyotaka kuondoka."

"Basi umeamua niende peke yangu."

"Nimesema wewe uamue. Sikusema peke yako."

Karatasi moja ilimponyoka, ikateleza hadi chini ya mashine. Mume aliweka paja ubavuni mwa lile zigo la chuma, ambalo siku zote mkutubi aliliona limeota pale kama kisiki, akalisukuma. Likasogea. Lilisogea kwa ulaini wa kitanda cha mtoto, bila ya kelele, likaacha sakafuni mstatili safi uliozungukwa na vumbi la miaka. Akainama, akaokota karatasi yake.

"Ina magurudumu?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Sijawahi kuyaona."

"Hukuwa unakuja kutazama mashine."

Alisema hivyo huku akiipanga karatasi juu ya nyingine, masikio yake yakiwa yamebadilika rangi, mwanamume wa miaka arobaini na tatu mwenye wino kwenye viwiko. Hakuirudisha mashine mahali pake. Ilibaki imekaa upande, uso ukielekea mlangoni.

Mkutubi aliichukua simu mapajani, waya ukimfuata. Asilimia kumi na moja. Saa kumi kasoro dakika tano. Ilitosha. Ilitosha kwa simu moja ya kusema neno moja, na hata ya kumuuliza yule mtu wa ajira kama katika mji ule kuna mahali pa kupanga duka panapotazamana na maktaba. Jina lake lilikuwa hapo juu kabisa ya orodha. Kidole kilisimama juu yake, kikasubiri, kikapita; hadi saa kumi na moja muda ulikuwapo.

Akateremsha menyu ya kioo. Akaipandisha nguvu ya mwanga hadi mwisho. Akawasha tochi, akaitumbukiza simu mkobani pamoja na waya wake, akavuta zipu hadi pale waya uliporuhusu. Mkoba wa siku hizi ulikuwa wa ngozi, mzito na wa heshima. Lakini kwenye lile pengo la zipu mwanga mwembamba ulipenya, ukapanda ukutani, ukatulia juu ya kalenda.

Mume aliutazama mwanga ule kwa kitambo. Kisha akaijaza mashine karatasi, taa nyekundu ikazimika.

"Simu yako," alisema, "inakula chaji sana."

"Ni ya zamani."

"Basi subiri kidogo."

Mkutubi akavua kiatu chenye kisigino kilicholala, akakipeleka mlangoni kwa wifi yake, akarudi kuketi mguu mmoja peku.