Kiti cha Mgeni Rasmi

Tumpe aliuachia mpira ukaanguka. Hakuutupa wala hakunyang'anywa na mtu. Aliuachia tu, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Mpira ukadunda mara tatu, ukaviringika hadi kwenye viatu vya refa. Tumpe akajifunika uso kwa mikono miwili, akageuka, akakimbia. Alipita katikati ya watazamaji, akanyakua kitenge begani kwa mama muuza karanga, akajitanda kichwa chote, akapotelea nyuma ya tangi la maji.

Mwalimu Severina Kalinga alibaki amesimama mbele ya benchi lake, kidole hewani. Alikuwa anataka kusema "tulia, mwanangu."

Ilikuwa fainali ya mpira wa kikapu ya vyuo, wasichana, hapo Iringa mjini. Robo ya tatu, dakika nne zimebaki, na chuo chao cha Mbeya kilikuwa nyuma kwa pointi saba. Tumpe alikuwa amefanyiwa faulo, amepewa mitupo miwili ya bure. Msimu mzima mtoto huyo alikuwa amekosa mitupo mitatu tu. Sasa alikuwa amekimbia na kitenge cha watu.

"Heee! Wambeya wameanza kujikimbiza wenyewe!" mtu alipiga kelele upande wa wenyeji.

"Kaona nyoka?"

"Kaona mtihani wa hesabu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mama wa karanga yeye hakucheka. "Kitenge changu jamani! Ni cha juzi tu kile!"

Kulwa, yule mrefu kuliko wote, alimsogelea mwalimu wake akihema. "Mwalimu, huyu karogwa. Kwetu Usangu mtu akikimbia hivi tunamfunga kamba kwanza, maswali baadaye."

Severina aligeuka kutazama kile ambacho Tumpe alikuwa anakitazama. Mbele ya mtupaji kuna goli, na nyuma ya goli, kwenye kivuli cha mkaratusi, palikuwa na kiti chenye kitambaa cheupe. Kwenye kiti ameketi mgeni rasmi, ambaye jina lake lilikuwa limetangazwa sekunde hiyo hiyo kwenye kipaza sauti: Mzee Ezron Mwaisumo, mwalimu mstaafu kutoka Tukuyu. Basi lake lilikuwa limekwama Makambako, ndiyo maana alifika mchezo ukiwa katikati. Na Mzee Ezron, mtu mzima mwenye tai, alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Kile kiti ni Severina mwenyewe aliyeagiza kiwekwe pale, ili mzee apate kivuli. Na mzee mwenyewe ni yeye aliyependekeza aitwe.

Refa alisema mtupaji akiondoka, anayeingia badala yake ndiye atatupa. Akaingia Eveline wa mwaka wa kwanza, ambaye tangu msimu uanze alikuwa amecheza dakika sita. Akatupa, akakosa. Akatupa tena, akakosa.

"Jofrey, shika benchi," Severina alimwambia msaidizi wake.

"Mama, nishike benchi niwaambie nini?"

"Sijui. Shika."

Akashika rozari mfukoni mwa suruali yake ya michezo, akaondoka mbio.

Kwa nini alikimbia hivyo, mwanamke wa miaka hamsini na minne, mjane, mbele ya watu wa kwao kabisa? Kwa sababu timu ile ilikuwa kazi ya miaka sita. Alizaliwa jirani na Tosamaganga, huko huko Iringa, kazi ikampeleka Mbeya, na pale chuoni katika mtaa wa Soweto alikuta nguzo moja ya goli na mbuzi wamefungwa hapo. Uwanja waliumwagia zege wenyewe, wasichana wakibeba mchanga kwa karai baada ya vipindi. Aliwafundisha kuanguka kabla hajawafundisha kuruka. Aliwapandisha mlima wa Loleza Jumamosi alfajiri, na uji haukumiminwa kikombeni mpaka kila mmoja amefunga mara hamsini. Alisafiri mpaka Usangu kwa mzee Makoye, baba yake Kulwa, akakaa siku mbili kati ya ng'ombe wake. Mzee alimuuliza, "Mwalimu, huo mpira unazaa?" Akamjibu, "Hauzai, mzee, lakini binti yako akiucheza hataacha shule." Siku ya tatu akaondoka na ruhusa.

Sheria zake zilikuwa mbili, zimeandikwa kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Ya kwanza: uwanjani sauti ni ya mwalimu peke yake. Hiyo aliiweka kwa ajili ya Kulwa, aliyekuwa anapiga kelele kama anaita mifugo. Ya pili: mchumba akija, jezi irudi. Hiyo aliiweka kwa uchungu, baada ya kupoteza wachezaji watatu wazuri kwa ndoa ndani ya mwaka mmoja.

Na sasa mkuu wa chuo alikuwa amesema wazi. Wanafunzi wameongezeka, bweni halitoshi, na kokoto za bweni jipya zilikuwa zimeshamwagwa pembeni ya uwanja. "Mkirudi na kombe, Mwalimu, nitatafuta mahali pengine. Mkirudi mikono mitupu, Jumatatu mafundi wanaanza kuvunja." Mtu ambaye Severina alimtegemea kwa kombe hilo ni Tumpe. Kila mpira ulipita kwake. Severina mwenyewe alijua hivyo, na hakuona ubaya wake.

Alimkuta amechuchumaa nyuma ya tangi, kitenge kimemfunika mpaka magoti.

"Tumpe! Unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu."

"Umeona nini? Mtu kakutishia? Kuna mtu kakupa kitu uuze mchezo?"

"Hapana, Mwalimu. Yule... yule aliyetangazwa."

"Mzee Ezron?"

Tumpe akaziba masikio. "Mwalimu, usimtaje! Mimi siwezi kulitamka jina hilo. Ni baba yake Aroni."

"Aroni ndiye nani?"

Sauti ndogo ikatoka ndani ya kitenge. "Posa ililetwa kwetu wiki mbili zilizopita. Wazee wameipokea. Nilikuficha, Mwalimu, ungesema jezi irudi. Sasa yule ni mkwe wangu. Kwetu mke haonani na baba wa mume. Hapishani naye njiani, haketi mbele yake, akimwona kwa mbali anajificha. Nimeona wakubwa zangu wakiingia shambani na ndoo kichwani ili tu wasipishane na mkwe. Na mimi kaniona na kaptula! Mapaja yote nje, mbele ya mkwe, mbele ya watu wote hawa!"

Severina aliketi juu ya tofali. Miaka kumi na moja alikuwa ameishi Mbeya. Alikuwa amekula misibani kwao, amecheza kwenye harusi zao, amejua kuitikia salamu zao. Alidhani anawajua. Na kumbe alikuwa amemchukua baba mkwe, akamwekea kiti chenye kitambaa cheupe, akamkalisha ana kwa ana na mkaza mwana aliyevaa kaptula.

Angeweza kukasirika. Ila alimkumbuka marehemu Abrahamu, mume wake, aliyekuwa fundi wa magari, mtu wa kucheka na kila mtu. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kutia tonge mdomoni mbele ya mama mkwe wake. Mama akiingia, Abrahamu anaweka mkono chini kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Hakuna aliyemlazimisha.

"Kaa hapa," alisema. "Usiende mbali."

Alizunguka nyuma ya watu akafika kwenye mkaratusi. Mzee Ezron alikuwa bado na kofia usoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Ni Mwalimu Severina? Niondoe hapa, Mwalimu. Nimejaribu kuinuka, miguu imekataa. Mama yake Aroni alinionyesha picha ya huyu binti juzi, nikaitazama mara moja nikairudisha. Nilipoinua macho pale, Mungu wangu! Mtoto anataka kutupa mpira, mimi nimekaa kama nguzo."

"Hukujua anacheza?"

"Niliambiwa anasoma ualimu. Ya mpira hakuna aliyeniambia. Mimi ndiye niliyeanzisha michezo ya shule kule kwetu, nimefundisha miaka thelathini na sita, na leo nimemfukuza mchezaji uwanjani kwa kukaa tu!"

Severina alipiga magoti karibu na kiti. "Mzee, asipocheza tunapoteza uwanja. Jumatatu wanaubomoa. Nitakubeba na huyu kijana wa kipaza sauti, tukupeleke ofisini."

Mzee alitikisa kichwa. "Nimesafiri tangu alfajiri kuja kwenye mpira," alisema. "Msinipeleke ofisini. Nigeuzeni."

"Tukugeuze?"

"Kiti kitazame ukuta. Mimi nitausikiliza. Halafu nenda kamwambie, usimwambie kuwa nimesema mimi, sema umesikia, kwamba macho yangu yana ukungu na sikuona kitu chochote leo isipokuwa mti."

Wakamgeuza, Severina na kijana wa kipaza sauti. Mgeni rasmi wa fainali akaketi ametazama ukuta wa matofali, mgongo kwa uwanja, kofia magotini. Wenyeji waliona hilo wakaishiwa hata utani.

Severina alipogeuka ndipo alipokisikia kile kitu. Ilikuwa sauti. Ndefu, kali, ya kuita ng'ombe kisimani.

"Fungaaa! Eveline, kushoto! Usimwachie apite, mzibie, mzibie! Wote nyumaaa!"

Ni Kulwa. Jofrey hakuwa na la kusema, mwalimu hakuwapo, na Kulwa alikuwa amefungua koo. Wasichana wanne walikuwa wanasogea kwa sauti yake kama kundi moja, wakimbana mwenye mpira pembeni mpaka anautoa nje. Severina alitazama ubao wa matokeo. Akaufuta uso kwa kiganja, akatazama tena. Robo ya nne, dakika tano zimebaki. Arobaini na nne kwa arobaini na tano. Aliwaacha wakiwa nyuma kwa saba, bila Tumpe, bila yeye, na sasa ilikuwa pointi moja. Eveline peke yake alikuwa amefunga mara tatu.

Ile sauti alikuwa ameizima kwa miaka mitatu, kwa chaki.

Hakukaa kuhuzunika. Alirudi kwenye tangi. "Nimesikia kwamba yule mzee macho yake yana ukungu," alisema. "Hajaona kitu ila mti. Na sasa anatazama ukuta."

Tumpe alichungulia kwa pembe ya kitenge. Aliuona ule mgongo, koti la kijivu, ukuta. "Amegeuka mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Ndaga," alisema kwa sauti ya chini, asante ya kwao, na hakuwa anamwambia Severina.

Aliingia dakika mbili zikiwa zimebaki. Hata hivyo jambo halikuwa limekwisha, maana goli walilokuwa wanalishambulia ndilo lile lenye mkaratusi, na Tumpe hakuweza kulielekea. Kila alipopewa mpira aligeuza mgongo. Mzee amegeukia ukuta, binti amegeukia kati ya uwanja, na goli liko katikati yao, hakuna anayelitazama.

"Mwalimu, anacheza kinyumenyume!" Jofrey alilia.

"Mwache."

"Tumpeee!" Kulwa aliita. "Sikiliza mimi!"

Hamsini kwa hamsini na moja, sekunde tisa. Mpira ulikuwa kwa Tumpe, mgongo kwa goli, na wenyeji wawili wamemvamia wakingoja ageuke, kwa kuwa hakuna mchezaji asiyegeuka. Hakugeuka. Kulwa aliita mara moja tu, na Tumpe akaurusha mpira juu ya kichwa chake mwenyewe, nyuma, kwenye sauti. Kulwa aliudaka angani akaweka ndani. Filimbi ikalia wakati wavu bado unatikisika.

Hamsini na mbili kwa hamsini na moja.

Hakuna aliyeshangilia papo hapo. Wenyeji walitazamana. Wasichana wa Mbeya walitazama ubao kama wamekuta jina lao kwenye orodha ya watu wengine. Halafu Eveline akaanza kulia kwa sauti, na hapo ndipo kelele zikaja.

Severina alikuwa amefika nusu ya ishara ya msalaba alipokumbuka. Mgeni rasmi ndiye anayekabidhi kombe. Na nahodha ni Tumpe.

"Bikira Maria," alisema, na mkono ukabaki begani.

Kijana wa kipaza sauti alikuwa ameshaanza kuita. Severina alimpokonya kipaza sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Kisha yeye na Jofrey wakamshika mzee mikono, hatua kwa hatua, mpaka kwenye duara la katikati. Mzee Ezron aliinama kwa taabu, akaliweka kombe chini, juu ya saruji. Akaligusa mara moja kama anayemshika mtoto kichwa. Akageuka, akarudishwa kwenye kiti chake, akatazama ukuta.

Ndipo Tumpe akatoka nyuma ya wenzake, kitenge cha mama wa karanga kikiwa kimefungwa juu ya kaptula mpaka kwenye vifundo. Alitembea ameinama. Alipiga magoti mbele ya lile kombe, akalichukua kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume hadi kwa wenzake. Watu wa Iringa, ambao muda mfupi kabla walikuwa wamemcheka, walisimama. Mwanamume mmoja alivua kofia.

Mama wa karanga alijifuta macho. "Basi abaki nacho," alisema. "Lakini mniletee kingine."

Jofrey alikuwa amepiga picha, akaituma kwa mkuu wa chuo. Simu ikalia hapo hapo, naye akampa Severina.

"Mwalimu! Hongereni sana! Nimewaambia mafundi wasije. Ila hii picha siielewi. Mbona kombe liko chini peke yake? Na mgeni rasmi mbona amewapa mgongo? Mmemkosea?"

Severina alitazama ule mgongo wa koti la kijivu, akamtazama Tumpe aliyezungukwa na wenzake, na Kulwa anayepiga kelele bila kukatazwa na mtu.

"Hapana, Mkuu," alisema. "Kuna sheria mbili kwenye ukuta wa stoo. Naomba umtume mtu akazifute kabla hatujafika."