Fimbo ya Njia Moja

Honi na Stesheni Masta walikaa miaka ishirini na miwili bila salamu, na sisi wa kota za reli tulishazoea, kama mtu anavyozoea mlango wake unaokwama. Wakikutana bombani, mmoja anageuka utadhani kasahau ndoo. Msibani wanakaa pande mbili za turubai. Na ni mashemeji hao. Honi kamuoa mdogo wake Stesheni, mama mmoja mpole ambaye kota nzima inamwita Dada, kwa hiyo maskini alikuwa na mume upande huu wa uzio na kaka upande wa pili, milango inatazamana. Asubuhi anapika kwake, mchana anavuka kumpikia kaka aliyefiwa na mke, na hapo katikati anabebeshwa maneno. Mwambie kaka yako aondoe kuku wake. Mwambie mumeo kuku wangu wana adabu kuliko dereva fulani. Akifika barazani kwangu anatusimulia huku anacheka, maana angeanza kulia asingepata muda wa kupika.

Chanzo kila mtu anakijua. Reli yetu ni ya njia moja, na treni haikuruhusiwa kutoka stesheni mpaka dereva ashike fimbo. Fimbo yenyewe ni ya chuma, urefu wa mkono, imechongwa majina ya stesheni mbili, yetu na inayofuata, na iko moja tu duniani. Aliyeishika ndiye mwenye njia. Asiyenayo akae atulie.

Siku ile Honi alitoka na mabehewa kumi na manne ya mahindi, na kwenye kona ya daraja akakuta kiberenge cha mafundi kinakuja. Wanaume watano waliruka. Mmoja alivunjika mguu, mpaka leo anatembea kama anayekwepa dimbwi. Stesheni akaandika kwenye ripoti kwamba alimpa Honi fimbo na kumwambia asubiri kiberenge kirudi, Honi akaondoka kwa kiburi chake, kisha akaitupa fimbo mtoni apoteze ushahidi. Honi akasema hakuigusa fimbo siku ile hata kwa kidole: shemeji yake alisimama mlangoni kwake, bado anatafuna, akampungia bendera ya kijani. Kosa lake hakulikana. Aliondoka mikono mitupu kwa kumwamini kaka wa mkewe. Wakubwa wakaiamini karatasi. Honi akafukuzwa, na miezi saba baadaye reli yenyewe ikafungwa, tukaanza kuanika nguo juu ya nyaya za ishara.

Mwaka huu ikaja kampuni inayotaka kusafirisha mbolea. Ikakata majani, ikabadilisha mataruma yaliyooza, ikaleta kichwa cha treni. Tulipokiona tukashikana mikono. Kilikuwa kichwa kilekile cha dizeli alichokuwa akiendesha Honi, kimeokotwa kwenye uwanja wa vyuma chakavu na kupakwa rangi ya bluu juu ya kutu, kama bibi aliyelazimishwa kwenda harusini. Injinia wao alikuwa binti mdogo, mashine imemzidi umri miaka ishirini. Madereva aliokuja nao walizoea mashine za kompyuta. Walibonyeza, walipiga simu, walitukanana, kichwa kikaguna tu.

Honi aliwatazama kutoka kwenye uzio siku tatu, na sijawahi kumwona mtu akifurahi kwa uchungu namna ile. Siku ya tatu akamwambia Injinia wakiendelea hivyo watakivunja mbavu, kina maji tumboni. Akapanda. Akafungua vikoki vya pembeni mwa injini, kimoja kimoja, akawaamuru wale madereva waizungushe kwa mtaimbo. Maji ya kutu yakaruka yakamlowesha mmoja wao suruali yote, mahali pabaya. Honi akafunga vikoki, akawasha. Moshi ulitoka mpaka shuka za kota nzima zikawa za msiba. Jioni hiyo alikuwa na kazi.

Kilichomkata maini ni kwamba Injinia alimwajiri na Stesheni wiki hiyohiyo, kwa kuwa ndiye peke yake aliyekijua kitabu cha sheria. Basi ugomvi uliokuwa wa kuku ukavaa sare. Stesheni alikuja barazani kwangu, akanywa chai yangu, akatutangazia kwamba kumpa yule mashine ni kuwachimbia watu makaburi. Honi akamtuma Dada arudishe jibu: siku atakayoendesha treni ya kwanza, ataendesha akiwa na jina safi, la sivyo haendeshi. Dada hakucheka alipotusimulia hilo. Alikaa na kikombe mpaka chai ikapoa.

Siku ya treni ya kwanza ilifika. Saa nne asubuhi jukwaa la stesheni lilikuwa limefurika, watu wamepanda hadi juu ya magunia. Mkaguzi wa serikali alikuwepo na kalamu yake, kwani bila sahihi yake hakuna kinachosogea. Honi alikuwa juu, injini inanguruma, mabehewa kumi na mawili nyuma. Injinia akampungia atoke.

"Fimbo," akasema Honi.

Injinia akamweleza kwa upole kwamba fimbo ilipotea zamani, watatumia simu. Honi akamwambia ng'ambo ya kilima simu haishiki, na sheria ya njia moja haijafutwa. Mkaguzi akafungua kitabu, akasoma, akakubali. Fimbo mpya inaweza kuchongwa, alisema, ila lazima iandikwe ile ya zamani iko wapi, maana fimbo mbili kwenye njia moja ni treni mbili kwenye njia moja. Akamgeukia Stesheni.

"Muulizeni aliyeitupa mtoni," akasema Stesheni. "Labda samaki wamemtunzia."

Watu wakacheka. Honi akatoa kichwa dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu watoto wake wakiwa wadogo akamsemesha.

"Shemeji. Mbele ya hawa wote. Siku ile ulinipa fimbo?"

"Nilikupa."

"Mkononi mwangu?"

"Mkononi mwako. Na ungekuwa mwanaume ungekubali, ukamwacha dada wa watu apumzike."

Hapo kicheko kikafa. Mkaguzi akasema kama hali ndiyo hiyo, basi karatasi iliyopo inasema dereva huyu alipoteza fimbo, na yeye hawezi kuweka sahihi chini ya dereva wa namna hiyo. Ashuke. Kampuni itafute mwingine kutoka reli nyingine. Injinia aliangalia viatu vyake. Kisha akamwambia Honi ashuke.

Honi hakubisha. Alizima injini, na ule ukimya ulituingia masikioni. Akaanza kushuka ngazi, polepole, anashika kila chuma kama anakiaga. Mzee wa miaka sitini na nane anafukuzwa kwenye mashine ileile mara ya pili, kwa neno la mtu yuleyule.

Dada alikuwa pembeni yangu. Nikasikia ameondoka. Nilidhani ameshindwa kutazama, anakwenda kwake kulia. Lakini hakuingia kwake. Aliingia kwa kaka yake. Muda si muda tukasikia dirisha la kule linajibamiza kwa upepo, pa, pa, kama dirisha lisilo na kitu cha kulishika.

Alirudi na kitu amekifunga kwenye aproni. Watu walimpisha bila kuambiwa. Akakifungua mbele ya Mkaguzi. Fimbo. Katikati imeng'aa kwa kushikwashikwa, majina mawili yanasomeka vizuri kabisa.

Mkaguzi akamuuliza ameitoa wapi. Alijibu akimtazama mumewe.

"Dirisha la chumbani kwa kaka. Ndiyo komeo lake. Alikuwa anakwenda nayo nyumbani akiogopa wezi wa chuma, akaona inatosha kwenye ndoano. Siku ile ilikuwa dirishani. Aliona uvivu kuinuka kwenye chakula."

Stesheni akasema kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu. Mimi nilikulea."

"Ulinilea. Ndiyo maana nilinyamaza."

Honi alikuwa bado kwenye ngazi ya mwisho, mguu mmoja chini. "Unamfungulia dirisha kila mchana," akamwambia mkewe.

"Kila mchana."

"Ukitoka hapo unakuja kunipakulia mimi."

Dada akamnyooshea fimbo. Honi akaipokea fimbo, akayasoma majina yote mawili kama barua, akapanda tena. Mkaguzi alikuwa anaandika kwa hasira, anasema Stesheni aondoke leo hii. Honi akamkatiza kutoka juu.

"Msimfukuze. Mimi mlinifukuza nikajificha ndani, hakuna aliyeniona. Yeye abaki. Treni itapita kila siku, na kila siku nataka asimame ukingoni hapo, mbele za watu, ainue hii fimbo kwa mkono wake anipe."

Injinia hakuwa na mtu mwingine wa kitabu, akakubali haraka. Honi akawasha, akaondoka na mbolea yake, na jioni hakurudi kota. Tukasikia kachukua chumba kwenye stesheni ya upande wa pili.

Sasa treni inapita kila siku saa tano. Stesheni anasimama ukingoni, mkono juu, na watu wanakuja makusudi kumtazama, wengine na watoto. Honi anainyakua bila kugeuza shingo. Dirisha la Stesheni siku hizi linafungwa kwa kamba. Chakula anajipikia, Dada havuki tena.

Na honi anaipiga, jamani. Anawapigia mbuzi, anaipigia baraza yangu, anampigia hata yule fundi aliyevunjika mguu. Zamani honi ndefu kuliko zote ilikuwa ya mlangoni kwake, ndiyo iliyompa jina. Dada bado anatoka akisikia treni, mikono ina povu la sabuni, anasimama mlangoni mpaka behewa la mwisho. Pale kwake treni inapita kimya.