Mzee Andrea Asife Kabla ya Pamba

Mwaka ule tulipohamishiwa kijiji kipya huku Kidete, serikali ilituletea majembe na sanduku la vitabu vya elimu ya watu wazima. Majembe yaligombewa. Vitabu hakuna aliyevigusa. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, kuinama siwezi, na darasa la nne la misheni ya Mamboya ninalo. Basi Mwenyekiti Melkizedek akaniambia, "Wewe utawasomea wenzako wakipalilia shamba la kijiji. Asiyelima na asome."

Nikachukua kinene kuliko vyote. Kilitungwa zamani huko nchi za theluji, kikatafsiriwa kwa Kiswahili. Ndani mlikuwa na mkulima mmoja, jina refu kama treni ya mizigo. Tukalikata, tukamwita Mzee Andrea. Bwanyenye alimnyang'anya shamba, naye akawa anakwenda mahakamani kwa miguu, kwenye baridi ile, na kikohozi chake.

Jamani, watu walilima! Hata waliozoea kusingizia homa walikuja alfajiri, kuwahi mistari iliyo karibu nami. Bibi Generoza alikuwa hachoki kunikatiza: "Mkewe hamchemshii majani ya mpera? Hebu soma, mwanangu, labda atakumbuka."

Pamba ikapendeza. Mwenyekiti akasifiwa wilayani kwa uhamasishaji wake.

Nikachungulia kurasa za mbele. Mzee Andrea anakufa. Nikamnong'oneza Mwenyekiti.

"Lini?"

"Kesho, tukifika kipande cha mtoni."

Akashika kichwa. Kwetu mtu akifa, jembe haligusi ardhi mpaka matanga yaanuliwe.

"Asife mpaka pamba ivunwe. Ni agizo la kijiji."

"Ndugu Mwenyekiti, kimekwisha kuandikwa."

"Kwani wewe huna mdomo? Mponye! Ukimuua, utashika jembe na mimba yako hiyohiyo."

Nikamponya. Mzee Andrea akashinda kesi, akapata ng'ombe, akahamia kijiji cha ujamaa kwa hiari yake, akiimba. Majembe yakaanza kupoa. Bibi Generoza akanyoosha mgongo.

"Mwanangu, huyu siye. Mzee wetu tunamjua. Nani kakutuma?"

Nikamtazama Mwenyekiti. Kisha nikarudi pale nilipouacha ukweli, nikasoma kilichoandikwa. Mzee alipokata roho, Generoza alilaza jembe, akajifunga khanga kiunoni, akaangua kilio. Shamba zima likamwitikia.

"Ni mtu wa kitabuni huyo!" Mwenyekiti akapiga kelele.

"Umetulimisha naye tangu mvua za kwanza," Generoza akamjibu, "leo si ndugu?"

Tukakaa matanga. Mwenyekiti ilibidi atoe unga wa kijiji, na hotuba pia: marehemu alikuwa mwanachama hodari.

Tulipoanua, kabla kengele ya kazi haijagongwa, shamba lilikuwa limejaa. Wanawake walitaka kujua mashemeji wamemfanyaje mjane. Mwenyekiti akaja na jembe langu mkononi, kama alivyoahidi. Akatazama migongo ile yote iliyoinama, akanisogelea.

"Na huyo mjane," akauliza polepole, "ana afya?"