Likelemba ya Macho

Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa parokia huko Mangobo, mtaa wa Kisangani, Mwalimu Isaïe aliandika ubaoni maneno ya Kiingereza ya namna za kuangalia na ya magonjwa ya macho. Aliyeyaomba ni Mama Générose, mjane, muuza miwani wa soko kuu. Mzigo wake hupitia Uganda na maboksi yameandikwa Kiingereza kitupu. Alikuwa amechoka kuwauzia wazee miwani ya kuona mbali, na kumbe wao walitaka kusoma Biblia.

Kitabu kilikuwa kimoja, na umeme wa kutoa fotokopi ulikuwa umekwenda zake. Basi wanafunzi wakafanya kama watu wa Kisangani wanavyofanya kitu kisipotosha: wakaweka likelemba, yaani upatu. Kila mtu angekwenda nyumbani na neno moja, alitunze juma zima. Jumamosi wote wangeleta, mmoja angebeba yote kwa juma moja, halafu zamu ingekwenda kwa mwingine. Utaratibu safi, nakuambia, ila hakuna aliyefikiri kwamba neno la macho haliendi kwa mtu peke yake. Linakwenda na macho yake.

Précieuse, mwanafunzi wa chuo kikuu, alipewa colour-blind, akanunua nyanya mbichi juma zima akidhani zimeiva. Kwao walizila, wakalalamikia chumvi tu. Franck, muuguzi, alipewa long-sighted. Hakuweza tena kusoma kipimajoto alichokishika mwenyewe, lakini akisimama ukingoni mwa mto aliona mashua ikiondoka Yangambi, mbali kule chini ya mto, na nani amekaa juu ya magunia. Wake za wasafiri walimpangia foleni ili wajue saa ya kuteleka chakula. Générose alipewa short-sighted, na kila kilichopita urefu wa mkono wake kilitoka duniani. Alikwenda sokoni kwa kunusa: kwanza mandazi, halafu petroli ya pikipiki, halafu samaki wa chumvi.

Kusema kweli, hali hiyo ilimfaa, kwa sababu hakuweza kumwona Télesphore.

Télesphore alikuwa mdogo wake Évariste, marehemu mume wa Générose, na alijifunza Kiingereza kwa ajili ya biashara yake ya mbao. Yeye alipewa stare, kukazia kitu macho bila kupepesa. Lilimkaa vizuri, ungesema alizaliwa nalo. Kila asubuhi alisimama mbele ya nyumba ya kaka yake akaikazia macho. Katikati ya juma ukuta ulikuwa na joto la sufuria na rangi ilikuwa inabanduka. Majirani walianika nguo zao pale kwa kuwa zilikauka upesi.

"Mama, tonton anaangalia nini?" watoto waliuliza juu ya baba yao mdogo.

"Nyumba," Générose alijibu.

Mtaa mzima ulijua. Jumapili matanga yangeanuliwa, ukoo wa Évariste ungekaa, na ingeamuliwa kama Générose na watoto watabaki katika nyumba hiyo au wataondoka. Aliogopa. Aliogopa hata chakula kikamshinda. Jumamosi, darasani, aliomba zamu ya kwanza.

"Mwalimu, munipe mimi," alisema. "Kesho niko na kazi mingi ya kuona."

Wote wakatoa. Télesphore alichelewa kuliachia la kwake, mpaka Mwalimu Isaïe alipomgusa begani.

Jumapili ukoo ulikaa uani. Tantine Agathe, shangazi mkubwa, alipewa kiti chenye mikono. Pondu, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa motoni. Générose alisimama mbele yao na macho yote ya darasa kichwani. Kwanza alimkazia macho Télesphore, na kola ya shati ya Télesphore ikatoa moshi kidogo. Télesphore akahamisha kiti chake kivulini. Kisha Générose akatumia macho ya Franck. Aliangalia hadi Yangambi, akapita Yangambi, akapita mahali ambapo mto hauna tena jina, akamwona Évariste amekaa kwenye kigoda, ananyoa ndevu.

"Papa Évariste!" aliita. "Kuya!"

Évariste alifuta sabuni, akaja. Alifika pondu ikipakuliwa. Aliletewa kiti na maji ya kunawa, na tantine Agathe akamwambia amekonda.

"Nyumba iko ya bibi yangu," Évariste alisema kabla hajagusa chakula. "Hakuna hata tofali moja nilichoma peke yangu. Ye ndiye alikuwa anakanyaga udongo, na mimba ya mutoto yetu Bonheur."

Watu waliitikia kwa vichwa. Wengi walilikumbuka tumbo lile.

"Bon, yaya," Télesphore alimwambia kaka yake kwa adabu. "Sisi wote tumesikia. Lakini nyumba ya mufu iko ya famille, ya ukoo."

"Mufu ni mimi! Na mimi nasema iko ya Générose."

"Justement, ni ile nasema. Wewe ni mufu. Mufu hasemake kitu mu famille."

Wanaume wawili walisema hapo Télesphore ana haki. Tantine Agathe aliweka kijiko chini.

"Évariste, mutoto yangu. Siku ile tonton yako Alphonse alikufa, ni nani alitoa kitanda ya bibi yake, Falonne, inje?"

Évariste aliangalia mikono yake.

"Ni wewe na Télesphore," tantine alisema, bila hasira. "Falonne alilia, akalala chini mu vumbi. Na wewe, Générose, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa napika."

"Falonne alikuangalia?"

"Aliniangalia."

"Na wewe?"

Générose alitafuta, katika maneno yote aliyobeba, lile la jambo alilofanya siku ile. Mwalimu Isaïe hakuwa ameliandika ubaoni.

"Niliangalia chungu," alisema. Alilia basi, kwa sauti, kwa ajili ya nyumba yake na kwa ajili ya Falonne, na aliona haya kwamba vilio hivyo viwili vilikuja pamoja. Mtu alimpa kitambaa.

"Bon," tantine Agathe alisema. "Tumalize kukula."

Walipomaliza, Télesphore aliingia ndani kukitoa kitanda cha Générose. Kitanda kilikuwa kikubwa, kazi ya mikono ya Évariste, na akakisukuma peke yake mpaka kikakwama mlangoni. Alijaribu kwa bega. Alitukana kidogo, akaomba radhi kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

"Yaya," aliita, "nisaidie."

Évariste alimtazama mkewe. Halafu akanyanyuka, kwa sababu kitanda kilikuwa kinaumia.

"Hapana hivyo," alimwambia mdogo wake. "Tupindue kwanza, miguu itangulie. Kama ile ya Falonne."

Walikigeuza ubavu. Évariste alishika upande wa kichwa, Télesphore upande wa miguu, na kikapita bila kukwaruza ukuta. Générose, na macho yote ya darasa kichwani, aliwashikia mlango.