Dakika za Sista Elisifa

Ifahamike kwa wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba haya yafuatayo ni ukweli mtupu, yaliyoandikwa na shahidi mwadilifu asiye na upande. Shahidi alikuwa amejimwagia uji shukani wakati huo, lakini hilo halipunguzi uadilifu.

Siku hiyo Sista Elisifa aliingia zamu saa moja asubuhi, peke yake, wodi nzima ya wenye uvimbe kwenye ubongo. Kabla hajavua sweta, Meku Sylvanus wa kitanda cha tano, mzee mkulima wa kahawa kutoka Uru, alikaza mwili akaanza kutupa mikono. Mkewe, Bibi Dominika, alichomoa kijiko kwenye uji ili amtenganishe nacho meno.

"Mama, kijiko kirudi kwenye uji," alisema Sista. "Kitamvunja meno na hakitamsaidia."

Alimgeuza Meku ubavu, akasogeza kikombe, akaitazama saa iliyoning'inia kifuani pake. Ilipopita dakika ya tano, alimchoma sindano ya diazepamu. Meku akatulia.

Kilikuwa kichupa cha mwisho. Akianguka tena vile, hakuna cha kumtuliza.

Sista akaenda kwenye dirisha la stoo ya dawa, mkabala na mlango wa wodi. Godlove, mtunza stoo, alikuwa anatafuna kitumbua.

"Dawa zipo, Sista. Saini ya msimamizi ndiyo haipo."

"Yuko wapi?"

"Semina, Bomang'ombe. Mpaka kesho."

"Semina ya nini?"

"Kuboresha huduma kwa mgonjwa."

"Kaka Godlove, boksi naliona. Lile la juu."

"Hata mimi naliona, Sista. Kuona hakuna shida."

Alipiga simu Bomang'ombe mara sita. Imezimwa.

Saa sita mchana alikuwa akimsukuma mgonjwa wa kitanda cha sita kwa kiti cha magurudumu, kwenda kupigwa picha ya kichwa. Mgonjwa huyu ni mwanafunzi wa bweni, kidato cha tatu, kijana mwenye adabu na sura ya kuvutia, anayesubiri kupasuliwa. Mbele ya dirisha la stoo, Mungu apishe mbali, kifafa kilimshika. Mkono wa kulia ukatetemeka, macho yakageuka, akateleza mpaka sakafuni, akitoa povu la kusikitisha.

Sista alimgeuza ubavu. Akatazama saa.

"Dakika ya kwanza," alisema. "Ya pili, Godlove. Ya tatu."

"Mae! Mchome basi!" Godlove alipiga kelele.

"Nimchome nini? Saini?"

Boksi likarushwa dirishani, vichupa kumi. Sista akalidaka, na kwa muujiza ambao sayansi haijaueleza, mgonjwa akapona kabla sindano haijafunguliwa.

Saa tisa Meku Sylvanus alianguka tena, na dakika ya tano ikapita. Safari hii Bibi Dominika alikishika kijiko kwa mikono miwili, akakiacha mapajani. Sista akachoma. Meku alipozinduka aliuliza kama ng'ombe amekatiwa majani. Bibi akacheka huku analia, akampangusa mate.

Ndipo Sista akaja kitanda cha sita na daftari anamoandika kila anayeanguka, saa na namna alivyoanguka.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba, na hiyo ni shikamoo ya nne leo. Kornel, umeanguka mara kumi na moja humu. Huwa unaanzia wapi?"

Basi. Kornel ni mimi.

"Mkono wa kushoto, Sista."

"Kidole gumba, halafu mdomo. Leo kulia. Uvimbe umehama?"

"Labda umechoka kukaa upande ule."

"Na povu?"

"Dawa ya meno."

Hakucheka, ingawa shavu lilimcheza. "Daktari anapima dawa zako kwa daftari hili. Uongo hauingii humu. Andika mwenyewe."

Nikaandika: *Mimi, Kornel, leo sikuanguka. Nilijitupa, kwa ajili ya Meku. Sista hakujua.*

Alisoma, akachukua kalamu, akayakata maneno mawili ya mwisho.

"Nilijua dakika ya kwanza," alisema.

Akaliandika hilo pia, na chini yake akaweka saini. Hiyo, angalau, ilipatikana siku hiyohiyo.