Majina ya Kurudi Pwani

Ubao wa kwanza wa maonyesho pale Newtown, Johannesburg, uliandikwa "Kabla ya Ramani", na chini yake sauti yangu ilikuwa ikitoka kwenye spika. Damu ilinichemka papo hapo. Kabla ya ramani vipi, na ninayoyasema pale ndiyo ramani yenyewe?

Baada yangu waliwapanga Wareno, Sultani, Waingereza, na mwisho picha ya setilaiti ya Pemba yetu, pana kama kitanda. Juu ya picha hiyo Filbert, kijana wa Bara aliyekuja kwangu Rosettenville kunirekodi, alibandika majina manne ya mwamba wa kwetu. Nilifundishwa na bibi yangu tulipokuwa tukifuata pweza maji yakitoka: Mkondo wa Pindua, Jiwe la Mwanakombo, Kijichanga, Kisima Kidogo. Tulianza kuyataja kutoka kule mbali, kwa sababu kwenda kila mtu anajua. Maji yakijaa ndipo unapotaka jina la kushika ili urudi. Kisima huja mwisho, kiko pwani, tulikuwa tukioshea miguu hapo.

Filbert alidhani jina la kwanza ndilo la karibu. Kisima akakitupa nje kabisa, kwenye mkondo uliomchukua dada yangu Arafa.

Hata hilo ningelisema kwa upole. Lakini mjukuu wangu Nomsa, ambaye wiki ijayo anakwenda Pemba kwa mara ya kwanza maishani, alikuwa ameshaipiga picha ramani ile kwa simu.

"Gogo, mimi nitaenda hapa kwa kisima," alisema, akiniita bibi kwa Kizulu cha babu yake, kidole kikiwa mkondoni. "Nitakutumia picha."

Nilimwita Filbert. Alinisikiliza mikono ikiwa nyuma, kisha akasema kwa adabu zake zote kwamba majina yameshachapwa, ila makosa yatasahihishwa kwenye kitabu.

"Mwanangu, watu hawazami kitabuni," nilimwambia. "Bandua."

Alibandua majina yote manne. Hasira haikuniisha. Niliitafutia mtu mwingine wa kumwangukia, nikajikuta mwenyewe. Filbert nilimpa majina yale mchana mmoja tu, kwa chai na vitumbua. Nomsa nimelala naye chumba kimoja tangu babu yake, mume wangu Sipho, afariki, miaka kumi sasa, na sikumpa hata moja. Nilisema mtoto wa Johannesburg, mwamba wa nini.

Nikamshika mkono, nikamsimamisha katikati ya ukumbi, watu wakitutazama. Nikamwambia mlango ule ndio pwani, na maji yanajaa.

"Rudi," nikasema.

Alicheka kwanza. Halafu akauona uso wangu, akaangalia huku na huku, na hakuwa na jina hata moja la kuanzia.